Mwenda Kufuata Nini? Siku Moja ya Miguu katika Msitu wa Ngezi

Mama yangu alizaliwa Makangale, kaskazini kabisa mwa Pemba, na alipokuwa msichana alikuwa akiuvuka msitu wa Ngezi kwa miguu karibu kila wiki, akienda Konde na kapu la samaki kichwani na kurudi na unga na mafuta ya taa. Kwa hiyo nilipomwambia, jioni moja ya mwezi wa Julai tukiwa tumekaa barazani hapa Wete, kwamba mimi na Baba Faki tumepanga kuwachukua watoto siku ya Jumamosi tukatembee Ngezi kutoka asubuhi hadi alasiri, aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba tunakwenda kuchota maji kwa tenga. "Mwenda kufuata nini?" aliuliza. Nikamjibu kwamba hatufuati kitu, tunakwenda kutembea tu. Alirudi kwenye ungo wake wa mchele, akachambua chambua, na baada ya kimya cha kutosha akasema, "Kwani gari hazipo?"

Swali lake lilinikaa kichwani siku zote zilizobaki, kwa sababu halikuwa swali la kipuuzi. Wapemba tunatembea sana, lakini kila safari ya miguu ina jina la kile kinachofuatwa: kuni, maji, mpunga bondeni, pweza pwani, elimu skuli, maiti makaburini. Hata neno lenyewe la kutembea, kwetu maana yake ya kwanza ni kumwendea mtu nyumbani kwake, ukapokelewa, ukapewa kahawa, ukaulizwa habari za wagonjwa. Mtu akikuambia "nitakuja kutembea", unatandika mkeka. Sasa huko msituni mwenyeji ni nani, na atatupokea kwa nini? Mama hakuyasema yote hayo, lakini aliyasema kwa namna alivyoupeta mchele.

Chanzo cha safari alikuwa Faki, mwanangu mkubwa, ambaye ana miaka kumi. Skuli walikuwa wamefundishwa kuhusu Kilimanjaro, akarudi nyumbani na namba 5,895 kama mtu aliyerudi na zawadi, akaiandika kwa chaki ukutani kwenye kibanda cha kuku, kisha akauliza mlima wetu sisi una mita ngapi. Pemba si tambarare. Barabara inayotoka Wete kwenda Chake hupanda na kushuka muda wote, chini mabonde ya mpunga na juu mikarafuu, na dereva mgeni huchoka kubadilisha gia. Hata hivyo, kilima chetu kirefu kuliko vyote hakifiki mita 150. Baba yake alijaribu kumliwaza kwa kumwambia kwamba tunavyo vilima vingi mno. "Kilima si mlima," Faki akajibu, "mwalimu kasema." Baba yake akamuuliza mbona huo wenyewe unaitwa Kilima-njaro, na mjadala ukaishia hapo kwa kicheko, ila mtoto hakuridhika, na mimi nikaona kwamba kama hatuwezi kumpa mlima, basi angalau tumpe siku nzima ya kuitumikia miguu yake mahali ambapo hakuna nyumba.

Mahali pa namna hiyo Pemba si pengi. Waarabu walikiita kisiwa hiki kijani, na kijani kipo hadi leo, lakini kijani kingi unachokiona ukiwa garini ni cha kupandwa. Karafuu ziliingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ambayo ilisalimika kwa sehemu kubwa ndiyo iliyobaki kubeba zao hilo, na msitu ukaendelea kukatwa kupisha mikarafuu, minazi na mihogo. Ngezi ni kipande kilichobaki cha msitu uliokuwa umetanda kisiwani. Nacho kilikatwa mbao wakati wa Waingereza, kabla ya kuwekwa kuwa msitu wa hifadhi katika miaka ya 1950. Leo una hekta 1,400 na ushei, kutoka upande wa Konde hadi karibu na bahari ya kaskazini na magharibi.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuupendelea, ambayo nilimsimulia Faki kwa makusudi ili nimpoze. Unguja ilikuwa imeshikana na bara hadi juzi tu kwa hesabu za ardhi, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, bahari ilipopanda baada ya zama za barafu. Pemba sivyo. Kati yetu na Tanga pana mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na kisiwa hiki kimekaa peke yake kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo sababu tuna viumbe ambao hawapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani: popo wetu mkubwa, bundi wetu mdogo, ndege wetu ninga na chozi, na mpapindi, ambao ni mti wa jamii ya minazi. Faki aliyasikiliza hayo kwa adabu. Kisha akauliza kama bundi huyo anaishi mlimani.

Matayarisho nitayapitia upesi, kwa kuwa kila mama anayajua. Nilipika mikate ya kumimina usiku, nikachemsha mayai na mihogo, nikakaanga vipande vya pweza, na machungwa nikayamenya ganda la juu tu yakabaki na weupe wake, kama yanavyouzwa njiani. Maji tulichukua lita sita, chupa mbili zikiwa barafu tupu. Baba Faki alitaka tuchukue mkeka, birika la chai, mpira na mwavuli. Nikamwambia achague kimoja, akachagua mkeka, na nilimshukuru baadaye. Kanga nilichukua nne. Kanga ni mbeleko, taulo, kifuniko, msala na bandeji, na mpaka leo sijaona begi la dukani linalofanya nusu ya kazi zake.

Hesabu iliyotutaka akili ilikuwa ya maji ya bahari. Tulikusudia kuingia msituni saa mbili asubuhi na kutokea pwani ya Vumawimbi, ambako gari tuliyoikodi Konde ingetufuata saa kumi. Jumamosi ile mwezi ulikuwa mpevu, yaani maji ya bamvua, na siku za bamvua huku kwetu bahari hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Mtu mzima anaupita msitu na kufika Vumawimbi kwa mwendo wa saa moja na nusu. Nikazidisha mara mbili kwa sababu ya watoto, nikapata saa tano, wakati maji yakiwa bado yako mbali na vidimbwi vya uvuguvugu vimebaki mchangani, mahali salama pa mtoto wa miaka minne. Niliiandika hesabu hiyo kwenye karatasi. Ninayo bado, na nikiiona hucheka.

Gari ilitoka Wete kabla jua halijapanda. Msimu wa karafuu ulikuwa ndiyo unaanza, na kuanzia nje ya mji harufu ilituingia madirishani. Kila penye uwazi mbele ya nyumba palikuwa na majamvi, na watu wakianika karafuu mbichi ambazo bado zilikuwa na ile rangi ya kijani na wekundu kabla jua halijazigeuza. Zuwena, ambaye ana miaka saba na pua kali kuliko sote, alisema harufu ya makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu, ni tofauti na ya karafuu zenyewe, na kondakta akamwunga mkono kwa dhati, kama anayezungumza na mnunuzi mwenziwe. Konde tukabadilisha gari, tukaipita barabara inayoelekea kaskazini, na ghafla mashamba yakaisha. Si kwamba yalipungua. Yaliisha, kama mtu aliyechora mstari. Upande huu mihogo na jua, upande ule kivuli.

Pale langoni tulilipa ada, tukapewa kijana wa kututembeza, mwenyeji wa Makangale, mpole na mwembamba, ambaye tangu mwanzo aliwasalimia watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Alituambia mambo matatu tu: tusichume, tusitupe, na tusiache mtoto akatangulia. Kisha akatazama miguu yetu. Kandambili za Baba Faki alizitazama muda mrefu zaidi, lakini hakusema kitu.

Kitu cha kwanza msituni ni masikio. Nje kulikuwa na upepo wa kusi na mlio wa pikipiki. Ndani, baada ya hatua kama hamsini, kulikuwa na matone. Haikuwa ikinyesha. Umande wa usiku ulikuwa bado unateremka kutoka juu, jani hadi jani, na kila tone lilisikika. Mivule na mijoho ilikuwa imekwenda juu hata Kombo, mdogo wetu, alipoinua kichwa kuitazama alianguka chali, akalala palepale akaendelea kuitazama, na hatukuona sababu ya kumwinua. Kijana alituonyesha mpapindi, kigogo chake chembamba chenye pete pete, akatuambia kwamba asili yake ni Pemba tu. Alituonyesha pia migomba ya mwituni. Zuwena aliulizia ndizi zake, akaambiwa kwamba ndani zimejaa mbegu ngumu tupu, na alihuzunika kwa niaba ya tumbili.

Tulikuwa tumekwenda kiasi cha mita mia mbili Kombo alipomwona jongoo. Alikuwa mnene kama kidole changu cha kati na mrefu kuliko kiganja, mweusi wa kung'aa, na alikuwa akivuka njia bila haraka yoyote. Kombo alichuchumaa. Sote tukasimama. Miguu ya jongoo haiendi yote kwa pamoja. Inakwenda kwa mawimbi, wimbi linaanzia nyuma na kupita hadi mbele, na kabla halijafika jingine limeshaanza. Nimeishi na majongoo maisha yangu yote, nimewafagia kwa mafagio barazani kila masika, na sikuwahi kuliona hilo hadi siku ile nilipolazimika kusimama dakika ishirini nyuma ya mtoto aliyechuchumaa. Kombo aliokota kijiti, jongoo akapanda, kijiti kikainuliwa, jongoo akajikunja. Nilimwambia amwache aende zake. Alisema ndiyo, mama. Alisema upesi mno, na ningepaswa kushuka hapo hapo kwenye karatasi yangu ya hesabu nikaandika jambo.

Baada ya jongoo kulikuwa na konokono, baada ya konokono gogo la kukalia, baada ya gogo haja ndogo, kisha haja ndogo ya aliyesema mara ya kwanza kwamba hana haja. Saa nne, wakati bahari ilipokuwa imepwa kabisa huko mbele, sisi tulikuwa bado tunausikia mlio wa pikipiki za langoni. Baba Faki, ambaye ni mtu wa saa, alianza kutembea mbele na kurudi, mbele na kurudi, kama mbwa wa shamba, mpaka kijana akamwambia kwa heshima, "Kaka, wewe umeshafika Vumawimbi mara mbili." Hapo ndipo alipotulia.

Jambo lililomtuliza zaidi lilikuwa majimoto, wale sisimizi wa mitini, na kwa kweli yalitutuliza sote kwa nguvu. Faki alishika tawi ili apite, na tawi lile lilikuwa na nyumba yao. Kila Mpemba aliyewahi kupanda mkarafuu anawajua wadudu hawa, na jina wamelipata kwa haki. Maumivu yake ni ya kumwagiwa. Tulimvua shati, tukamfuta kwa kanga, akalia kidogo na kutukana kidogo, nami nikajifanya sikusikia. Lakini baada ya kupoa alirudi mwenyewe, mikono nyuma, akasimama hatua mbili mbali na tawi, akaitazama nyumba aliyoibomoa. Majani mawili yalikuwa yameachana kwa upana wa ukucha. Upande mmoja wa mwanya majimoto yalikuwa yamejipanga safu, miguu ya nyuma imeshika jani la huku na meno yameuma jani la kule, yanavuta, na pale mwanya ulipokuwa mpana kuliko mwili wa mmoja, mwingine alimshika mwenziwe kiunoni, na wa tatu akamshika wa pili, mpaka likawa daraja linalovuta. Kijana alitueleza kwamba majani yakishakutana, wengine huleta watoto wao wachanga, wale weupe, wakiwashika mdomoni na kuwapeleka huku na huku kama mtu anayeshika sindano, kwa kuwa uzi wa kushonea hutoka kwa mtoto. Watoto wangu watatu waliitazama kazi hiyo bila kusukumana. "Kwa hivyo watoto ndio wanaofanya kazi," alisema Zuwena baada ya kufikiri, kwa sauti ya mtu atakayelikumbusha jambo hilo siku ya kuosha vyombo.

Mahali fulani kijana alipunguza sauti, akatuomba tupite kimya na tusipige mluzi. Hakueleza, nasi hatukumwuliza. Mimi nimelelewa na mama wa Makangale, nazijua hadithi za mizimu ya Ngezi, na nimesomeshwa dini inayonikataza kuziogopa. Vitu hivyo viwili vinakaa ndani yangu kama wake wenza, kila mmoja na chumba chake. Watoto walipita kwa ncha za vidole. Sijapata kuwaona wametulia hivyo hata siku ya Idi wakati wa hotuba.

Kisha viatu. Nilikuwa nimemnunulia Zuwena raba mpya kwa ajili ya safari hii, na hilo lilikuwa kosa langu na si la kiatu. Mtoto hapewi kiatu kipya siku ya mwendo. Kisigino kilitoa lengelenge, likapasuka. Nilichana pindo la kanga, nikamfunga, na Baba Faki akavua kandambili zake, zile zile alizotazamwa nazo langoni, akampa binti yake, naye akaendelea pekupeku akiwa na raba za mtoto shingoni zikining'inia kwa kamba. Kombo kwa wakati huo alikuwa mgongoni mwangu kwa mbeleko, amelala, akinitiririkia udenda shingoni, na mkono wake mmoja umekikamata kikopo chake cha karanga kwa nguvu ambayo ilinishangaza kwa mtu aliyelala.

Ilikuwa karibu saa sita kijana alipotutoa kwenye njia kubwa, akatupeleka upande ambapo miti mirefu ilianza kupungua. Ardhi iligeuka rangi. Ule udongo mweusi wenye unyevu ukawa mchanga mweupe, ambao mvua imeuchuja rutuba kwa miaka mingi mno. Juu yake hapakuwa na mvule wala mjoho. Palikuwa na vichaka vya kimo cha mtu, vyenye matawi membamba yaliyosimama wima na majani madogo kama punje za mchele zilizovunjika, yamejipanga kuzunguka kijiti hadi ukishika tawi unahisi umeshika mkia wa mnyama. Kijana alisema watu wa misitu wanauita Erica mafiensis, na kwamba unapatikana pia Mafia. Nilikuwa nimesoma habari za mimea hiyo kabla ya safari, na ndiyo iliyokuwa siri yangu ya siku ile, nami nikamwita Faki aje aone.

Nilimweleza kwamba mtu akipanda Kilimanjaro huanza kwenye mashamba, kisha huingia msitu wa mvua, na akishautoka msitu huo, kiasi cha mita 3,000 juu, ambako usiku ni baridi ya kuumiza mifupa, hukuta ukanda mzima wa miti ya ukoo huu wa Erica. Watu wengi wakiitaja, wanataja milima. Na hapa ipo, jamaa yao huyu, amesimama juu ya mchanga, mahali ambapo ukinyamaza unaisikia bahari. Faki alikishika kichaka. Akamuuliza baba yake, si mimi, "Sasa huu ulishuka au ule ulipanda?"

Baba Faki alinitazama. Mimi nikamtazama kijana. Kijana akasema hilo ni swali zuri, na kwa namna alivyolisema nilijua kwamba amewahi kuwatembeza wataalamu. Hatukumjibu mtoto, na yeye hakudai. Alitoa mkanda wa kupimia alioazima kwenye cherehani yangu bila kunieleza, akapima kichaka, akaandika mkononi kwa kalamu: mita 2 kasoro. Yale maandishi yalidumu siku tatu, kwa sababu aliogea mkono mmoja juu.

Popo hatukuwaona, nami sikutegemea kuwaona mchana, lakini kijana alituhadithia habari zao tukiwa tunaumaliza msitu. Popo wa Pemba akitanua mabawa hufikia mita 1.6, zaidi ya urefu wa mama yangu, na zamani waliwindwa na kuliwa, hadi kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 wakawa wamebaki wachache wa kuhuzunisha. Vijiji ndivyo vilivyowarudisha, kwa kuunda vikundi vya kuwalinda na kuyaacha makaburi na vichaka wanavyolala bila kuguswa; hesabu iliyofanywa mwaka 2007 ilikuta kiasi cha 20,000. Wanaotaka kuwaona kwa urahisi huenda Kidike. Zuwena aliuliza ladha ya popo ikoje. Kijana alisema yeye hakuwahi kula, lakini wazee wanasema mnofu wake una harufu ya matunda. "Bibi atajua," alisema Zuwena, na alikuwa sahihi, Bibi alijua.

Tulitokea Vumawimbi saa saba na dakika ishirini. Vidimbwi vya uvuguvugu nilivyovipangia hesabu vilikuwa chini ya bahari zamani. Maji yalikuwa yakipanda kwa kishindo, na pwani hiyo ndefu na nyeupe, ambayo jina lake halikutungwa na mtu aliyekuwa akilala, ilikuwa inavuma kweli. Kuogelea kwa maana yake hakukuwapo. Tulitandika mkeka chini ya kivuli, tukatawadha, tukasali adhuhuri kwa zamu ili mmoja wetu abaki na macho kwa watoto, kisha tukala. Sijui nieleze vipi mlo ule. Mkate wa kumimina uliolala na pweza aliyepoa si chakula cha kukisifia nyumbani, lakini watoto walikula bila mtu kuwaambia neno, hata Kombo ambaye kwa kawaida humezeshwa kwa ahadi na vitisho, na machungwa yalipoisha walilamba mikono. Baadaye Baba Faki aliwachukua wakashikana mikono kwenye ukingo wa maji, wakawa wanalikimbia kila wimbi na kulirudia, kwa saa nzima, mchezo usio na kanuni wala mshindi, huku mimi nimelala kifudifudi kwenye mkeka nikiwasikia kama watu walio chumba cha pili.

Gari ilikuja saa kumi na robo. Ule msitu uliotuchukua saa tano tuliupita kwa dakika zisizofika kumi na tano. Faki alikuwa amebandika uso kwenye kioo, akasema, "Hatukuuona," na nilidhani anazungumzia kitu fulani, kumbe alikuwa anawazungumzia wote waliomo kwenye magari.

Mama alikuwa barazani tulipofika. Hakuuliza tumechoka, alitazama miguu ya Baba Faki, akaita maji ya moto na chumvi. Watoto walimzonga wote kwa pamoja, majimoto, lengelenge, popo, na alipoulizwa ladha ya popo alikiri bila haya kwamba ni tamu, hasa ya nazi. Kisha akauliza, kwa ule uso wake wa ungo, "Haya, mmenifuatia nini huko?" Kombo akatoa kikopo cha karanga, akakifungua mapajani mwa bibi yake. Jongoo alikuwa amejikunja juu ya jani, mzima wa afya. Mimi nilishika kichwa, nikamkumbuka yule kijana na mambo yake matatu. Mama hakushtuka hata kidogo. "Jongoo hutupwa na mti wake," alisema, "sasa wa huyu uko wapi?" Kombo akaingiza mkono ndani ya suruali, akautoa ule ule uliookotwa asubuhi.

Walimpeleka wote wawili, mti na mwenyewe, nyuma ya nyumba kwenye majani ya mgomba, na aliporudi Mama alikuwa amepata la kusema. Faki alimwonyesha maandishi ya mkononi na kumweleza habari za kichaka cha mlimani. Mama akasema anavijua vichaka hivyo, walikuwa wakivikata mafagio, na hakuna aliyewaambia kwamba ni vya mlimani. "Na mlima mnautafutia nini msituni?" aliendelea. "Siku za kaskazi, asubuhi iliyofuata mvua, simama pwani ya Verani utazame magharibi. Milima ya bara utaiona, huko nyuma ya Tanga, kama mtu kafuta kitu mbinguni hakukifuta vizuri. Tukiiona kila siku tukienda kuokota madagaa." Faki alikaa chini. Alimuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia. Akajibu kwamba hakuwahi kuulizwa.

Mpango wa Januari umeshafanywa, na haukufanywa na mimi. Mama amesisitiza kwamba yeye hatakuwa anakwenda kutembea. Anafuata komwe, kwa sababu za bao lake zimepotea nusu na zilizobaki zimeliwa na maji ya sabuni, na komwe nzuri, kwa imani yake, ni za Verani tu. Jana usiku, tukiwa tumeshazima taa, aliniita kutoka chumbani kwake kuniuliza kama gari ile ina nafasi mbele, maana yeye nyuma hakai.